Heko, Wapiga Picha wa Wajawazito

Mpiga picha mzuri wa wajawazito pale Dar es Salaam huanza kazi kabla hajagusa kamera. Huuliza mimba ina wiki ngapi, kwani kati ya wiki ya 28 na ya 36 tumbo limeshajitokeza vizuri na mama bado hajaelemewa. Humwambia aje na dera pana, asivae nguo ya lastiki asubuhi hiyo, maana alama zake hazitoki upesi kwenye ngozi. Kama picha ni za ufukweni, Coco Beach hutazama mashariki, kwa hiyo anayeijua kazi atakuita alfajiri, jua likichomoza baharini. Baba kijacho atalalamika usingizi, mwache alalamike.

Ninachowapongezea zaidi ni uangalifu wao. Kiti kipo karibu, maji yapo, na mama halazwi chali muda mrefu, kwa sababu tumbo zito hubana mshipa mkubwa wa damu akapata kizunguzungu. Akitakiwa kulala, hulazwa ubavu wa kushoto, mto mgongoni. Na bibi akisema picha zisionekane kabla mtoto hajazaliwa, huzifungia bila kubisha.