Si kizazi, ni rika

Hapa Bumula vijana hubishana, ati "kizazi" kipi cha mashine za gemu ni bora. Neno hilo linawapotosha. Kizazi ni cha kuzaa: PlayStation 2 ya mwaka 2000 iliizaa PlayStation 3 ya 2006. Je, Wii, iliyotoka 2006 pia? Hiyo si mwana wala mzazi wa PlayStation 3. Ni ya rika lake. Wengine huikataa Wii eti picha zake hafifu. Lakini Mbukusu huingia rika la Maina, Chuma au Sawa kwa mwaka aliotahiriwa, si kwa misuli. Mashine nazo tuzipange kwa mwaka wa kuingia sokoni. Bingwa hupimwa na wenzake, bwana, si na wajukuu.