Nani Alituuliza? Filamu ya Brexit Ikitazamwa Longisa

Tukio bora kwenye filamu ya Brexit: The Uncivil War halimhitaji hata Benedict Cumberbatch, nyota wake. Limo ndani ya chumba chenye kioo cha kuonea upande mmoja. Upande wa mwanga wamekaa wananchi wa kawaida, walioitwa kueleza wanaonaje Uingereza ikijitoa kwenye Umoja wa Ulaya. Upande wa giza yuko Craig Oliver, mkuu wa mawasiliano wa Waziri Mkuu David Cameron, anayeigizwa na Rory Kinnear. Anawatazama bila wao kumwona. Mazungumzo yanageuka kuwa kelele, Oliver anashindwa kujizuia, anaingia. Mwanamke mmoja anabubujikwa na machozi: amechoka kuishi kama mtu asiye na kitu, asiyehesabiwa.

Halafu basi. Filamu inamwacha hapo na kurudi kwa wakubwa.

Filamu yenyewe si ya jana. Iliandikwa na James Graham, ikaongozwa na Toby Haynes, ikaonyeshwa Channel 4 Januari 2019. Mbona niirudie sasa? Kwa sababu kila Kenya ikikwaruzana na Tanzania, utasikia mtu akisema, mara kwa hasira mara kwa mzaha, tutoke tu kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na kila nikisikia hivyo naona hatuna hadithi za kutusaidia kubishana vizuri. Tulizo nazo ni hadithi za wakubwa. Hiyo ndiyo kasoro ya filamu hii pia, na ndiyo maana inafaa kutazamwa huku kwetu.

Tuanze na mazuri yake, maana yapo. Inakimbia, inachekesha, na haimfanyi Dominic Cummings, kinara wa kampeni ya kujitoa, kuwa shetani mwenye pembe. Inaelewa maneno. Kauli mbiu ya kampeni yake ilikuwa Take Back Control, yaani turudishe usukani mikononi mwetu, na Graham analipa neno hilo dogo la kurudisha uzito wake wote. Huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho hajaporwa. Kwa hivyo ukishalikubali neno, umeshakubali kwamba uliibiwa. Kilichobaki ni kutafuta mwizi. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza kampeni za Kenya anaijua mbinu hiyo.

Shida inaanza na jinsi filamu inavyomwona mpiga kura. Cummings anadai kwamba nchi hutoa sauti, kama mngurumo, na yeye ndiye anayeisikia. Ni picha tamu kwa filamu, lakini hebu iangalie vizuri: watu milioni kadhaa wamekuwa mngurumo. Hawasemi kitu, wanatoa sauti tu, na mtu mmoja mwerevu ndiye anayeitafsiri. Kisha wanakuja wataalamu wa kompyuta na matangazo yao ya mtandaoni, na tunaachwa tuamini kwamba matokeo ya Juni 23, 2016, asilimia 51.9 kwa 48.1, yalipikwa ndani ya ofisi fulani London. Anayetaka kutoka ana kidonda, hana hoja. Anayetaka kubaki haonekani kabisa, isipokuwa kama ni mfanyakazi wa serikali. Hata yule mama wa kwenye kioo anapewa machozi tu. Kwamba ana bajeti, ana jirani anayempinga, ana kaka anayefanya kazi kiwanda kinachouza bidhaa Ulaya, hayo hatuyajui.

Kuna jambo moja ambalo filamu haina nafasi nalo na ambalo mimi lilinishangaza nilipolijua. Katika kura ile, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Uingereza waliruhusiwa kupiga kura. Maana yake, nesi kutoka Bomet anayeishi Leeds kwa pasipoti ya Kenya alikuwa na kura. Jirani yake Mfaransa, hata kama amekaa hapo miaka ishirini, hakuwa nayo. Mkenya aliulizwa kama Uingereza itoke Ulaya.

Sasa linganisha na nyumbani. Waingereza waliingia kwenye umoja ule Januari 1973, na mwaka 1975 wakapigiwa kura ya maoni ya kwanza: mbaki au mtoke? Wakabaki, kwa asilimia 67. Miaka miwili tu baadaye, 1977, Jumuiya yetu ya kwanza ikafa. Iliundwa kwa mkataba wa Kampala mwaka 1967, ikawa na shirika la ndege, reli, bandari, posta na simu, vyote vya nchi tatu. Shirika la ndege lilivunjika mapema 1977. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na kufikia Julai Jumuiya haikuwa na bajeti wala uhai. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hakuna Mkenya, Mtanzania wala Mganda aliyepewa karatasi ya kupigia kura.

Na tunalisimuliaje jambo hilo? Kwa watu watatu: Kenyatta, Nyerere na Amin. Tunakumbuka matusi ya majukwaani, wakubwa wa Tanzania wakiiita Kenya jamii ya mtu kula mtu, na wa Kenya wakijibu kwamba huko kwenu hakuna hata cha kula. Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ile ya Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, akifungua shampeni kusherehekea kifo cha Jumuiya. Ni hadithi nzuri, ina mhusika na ina mapovu. Lakini ni chumba kingine chenye kioo. Sisi tuko nje, na safari hii hata mtu wa kutuchungulia hayupo.

Niliitazama filamu hii na watu sita hapa Longisa, kwenye hoteli ndogo karibu na steji, laptopu ikiwa juu ya kreti la soda, mimi nikitafsiri pale Kiingereza kilipozidi kasi. Asiyeijua Longisa aijue hivi: ni kituo kwenye barabara ya kutoka Bomet kwenda Narok. Ukitoka juu kwenye viwanda vya Kapkoros na Tirgaga ukishuka huku, majani chai yanapungua, mahindi na ng'ombe wanaongezeka. Wasomi wa kilimo wanalijua jina letu kwa sababu mbaya. Ni hapa Longisa, Septemba 2011, ambapo ugonjwa wa mahindi unaoitwa MLN uliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya. Majani yanakauka, mmea unakufa, shamba zima linaisha. Ndani ya miaka michache ulikuwa Tanzania, Uganda na Rwanda. Haukugongewa muhuri mpakani.

Kwa hivyo hapa mpaka si siasa ya Nairobi peke yake. Filamu ilipoisha, ubishi ulianza kabla sijafunga laptopu. Jamaa wa boda alisema Watanzania wametuzoea, tutoke tuone kama hawatatuita. Alikuwa na hoja. Mwisho wa Julai 2025 Tanzania ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo huduma za kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, na kununua mazao shambani. Hii ni ndani ya Jumuiya yenye soko la pamoja kwenye karatasi. "Sasa hiyo ni jumuiya ama ni jina?" aliuliza.

Mama anayeuza mboga akamjibu, "Wewe toka. Vitunguu utakula vya wapi?"

Mkulima mmoja akaingilia: vitunguu vije, mahindi yasije. Mwezi Machi 2021 serikali ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Yeye angetaka zuio lile liendelee, kwa sababu mahindi ya nje yakiingia wakati anavuna, bei yake inaanguka. Yule mama akacheka. Akasema yeye naye analima, na yuko pande zote mbili: inategemea kama gunia ni la kuuza au gorogoro ni ya kununua. Akivuna, mpaka ufungwe. Ghala likiisha, ufunguliwe.

Hapo ndipo nilipoona wazi kinachokosekana kwenye filamu ya Graham. Haiwezi kumwazia mtu kama huyu. Kwake kuna kambi mbili, kila mtu ana kambi yake, na kazi ya werevu ni kuhamisha wachache wa katikati. Lakini mama huyu hayuko katikati. Yuko kote kuwili, kwa sababu zinazoeleweka, ndani ya mwaka mmoja. Huwezi kumwita mjinga aliyedanganywa na tangazo, na huwezi kumwita mwenye kidonda. Ana hesabu. Mwandishi angemsikiliza huyu kwa dakika kumi, angepata tamthilia nzima: mume anayetaka mpaka ufungwe, mke anayetaka ufunguliwe, na miezi minne baadaye wamebadilishana.

Mtu wa mwisho kusema alikuwa mzee ambaye ujanani aliajiriwa na Posta na Simu ya Afrika Mashariki. Alikuwa kimya filamu nzima. Akasema habari za kuvunjika kwa mwajiri wake alizisikia kwenye redio, kama mtu mwingine yeyote. Kisha akanigeukia: "Hao Wazungu unaowaonea huruma, angalau waliulizwa wakajibu. Sisi, kijana, nani alituuliza?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na filamu haikuwa nalo pia. Lakini swali lake ndilo kipimo ninachotumia sasa kwa kazi yoyote inayohusu nchi kuingia au kutoka kwenye umoja. Je, inawapa nafasi wale ambao hawakuulizwa? Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliandamana Dar es Salaam na kwenda mahakamani kwa miaka mingi wakidai mafao yao. Makubaliano ya kugawana mali yalisainiwa 1984, miaka saba baada ya mazishi. Familia zilizokuwa na watoto pande zote za Namanga ziliishi miaka sita na mpaka uliofungwa. Hayo ni malighafi ya riwaya, ya tamthilia ya redio, ya filamu. Sisi bado tuko kwenye shampeni ya Njonjo.

Msomaji anaweza kusema, sawa, lakini haya ni mambo ya sanaa, yana uhusiano gani na mahindi? Yanao. Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999, unasema ushirikiano huu utamlenga mwananchi. Lakini ibara ya 145, inayoeleza jinsi nchi inavyojitoa, haimtaji mwananchi popote. Inataka thuluthi mbili ya wabunge wote, na notisi ya miezi kumi na miwili kwa Katibu Mkuu. Basi. Kama Kenya itatoka, inaweza kutoka kihalali bila mama wa vitunguu kuulizwa. Na huu si woga wa bure. Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi ECOWAS, na walioamua ni serikali za kijeshi.

Kura ya maoni nayo si dawa ya kila kitu. Waingereza walipewa, na bado mwanamke wa kwenye kioo alibaki na karatasi yenye majibu mawili, yeye akiwa na maswali ishirini. Na matokeo yake yalifika hadi huku: Desemba 2020 Kenya ilisaini mkataba wake wa biashara na Uingereza bila majirani zake, ili maua na mboga zetu zisitozwe ushuru, na hilo likaleta manung'uniko ndani ya Jumuiya yetu wenyewe. Watu wa Sunderland walipiga kura, Arusha wakakosana.

Ninachodai si karatasi ya kura peke yake. Nadai ule ubishi wa hotelini uandikwe mapema, kwa ukamilifu wake, kabla ya mtu fulani kuja na neno kama kurudisha na kulifanya fupi. Kule Uingereza waandishi walifika baada ya kura kupigwa. Graham alifika miaka miwili na nusu baadaye, na hata hivyo akaelekeza kamera upande wa Cummings. Sisi tuna nafasi ya kutangulia.

Kwa hivyo itazameni filamu hii, hasa mkiwa wengi, na mkiwa na watu wa rika tofauti. Mkifika pale kwenye kioo, ibonyezeni isimame. Geuzeni viti mtazamane, na kila mtu aseme angepoteza nini tukitoka, angepata nini, na mwezi gani wa mwaka. Halafu mmoja wenu achukue kalamu.