Dramu Linazunguka, Joto Hakuna

Mtu akikuambia amenunua mashine ya kukaushia nguo Geita, jambo la kwanza ni kushangaa. Jua la Usukumani hukausha shuka kabla ya saa sita, na halitaki LUKU. Lakini anayefua shuka za nyumba za wageni na ovaroli za vijana wa migodini ana hesabu nyingine. Msimu wa mvua ukianza kamba haina kazi, na kiangazi vumbi jekundu la barabarani linatua juu ya nguo mbichi, nazo zinarudi kwenye beseni. Mashine za mtumba kutoka Uingereza zimejibu shida hiyo, tena zinakubali umeme wetu bila transfoma: plagi ni ileile ya pini tatu, volti 230, hezi 50.

Mashine ninayoichambua hapa ni ya mama mmoja anayefua nyumbani kwake. Dramu linazunguka, feni inavuma, ila nguo zinatoka za baridi na mbichi vilevile. Fundi aliyeitwa mwanzo alifungua nyuma, akakuta kidude kimekata, akashauri waya uungwe dairekti. Kuhusu kidude alikuwa sahihi kabisa. Tiba aliyoitaka ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu nyumba huungua kwa tiba hiyo.

Kwanza, vipimo. Mashine ikiwa imechomolewa ukutani, hita ya wati 2,500 kwa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 21. Hii ilisoma hivyo, na hakuna waya wake uliogusa bodi. Kwa hiyo hita ilikuwa nzima, na aliyekuwa tayari kuagiza nyingine angepoteza hela. Thamostati ya kuwasha na kuzima joto ilipimwa kwa pasi: pasha pasi, ichomoe, weka uso wa thamostati juu ya bati lake huku mita ikiwa kwenye ncha mbili. Ikipata moto inatoa mlio mdogo na kukata, ikipoa inarudi. Ilifanya hivyo. Kilichobaki ni fyuzi ya joto, ambayo haikusoma kitu, ikiwa baridi wala ikiwa moto. Hiyo ikikata haijirudishi.

Wengi huishia hapo, na uchunguzi ndipo unapoanza. Fyuzi ya joto ni nadra kuchoka tu siku moja ikafa. Hukata kwa sababu mahali ilipo pamepita digrii zilizoandikwa ubavuni mwake, na katika mashine ambayo thamostati yake ni nzima, joto hilo lina sababu moja kubwa: hewa haikupita. Hita haipozwi na kitu kingine. Feni ikivuta hewa ya kutosha, joto linakwenda kwenye nguo. Hewa ikipungua, wati zilezile zinabaki kwenye boksi la bati. Nasi tuko juu: Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Kiziba kidogo kinaumiza mapema.

Kiziba hapa hakikuwa kidogo. Mashine ilisukumwa hadi ukutani na bomba la kutolea hewa likajikunja nyuma yake. Chujio lilionekana safi kwa macho, lakini maji yaliyomiminwa juu yake yalituama. Manyoya ya nguo peke yake hung'oka kwa mkono. Yakichanganyika na unga laini wa mawe kutoka kwenye ovaroli za watu wa makarasha ya kusagia mawe, hushikamana kama udongo wa kukandikia nyumba. Mfereji wa hewa chini ya chujio ulijaa hivyo hivyo, na kando ya hita manyoya yalikuwa yameanza kuungua rangi. Usafi wake ufanyike nje, kwa brashi yenye maji na kitambaa puani. Kupuliza kwa kompresa ni kuurudisha unga wa mawe kwenye mapafu ya fundi.

Yale manyoya yaliyobadilika rangi si jambo la kupita juu juu. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mashine za kukaushia zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, milioni 5.3 zilizouzwa Uingereza kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zilikuwa na hatari ya manyoya kugusa hita. Agosti 2016 mashine ya aina hiyo iliwasha moto katika jengo la ghorofa 18, Shepherd's Court, London. Mwaka 2019 serikali ya huko ikalazimisha zirudishwe zile ambazo hazijarekebishwa. Anayenunua mtumba asome kibandiko cha modeli mlangoni kabla ya kutoa fedha, kisha aitafute mtandaoni.

Jioni lilijitokeza jambo la pili. Mchana mota iliondoka vizuri. Saa mbili usiku, umeme ukiwa mdogo, iliunguruma bila kuzungusha. Nguvu ya mota kuondoka hushuka kwa mraba wa volti, na kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 8 ilisoma 5 tu. Katika mashine hii hita haipiti kwenye swichi ya mota, kwa hiyo mota ikikwama hita inaendelea kuwaka bila feni. Naamini kiziba kilianza kazi na usiku mmoja wa namna hiyo ukaimaliza. Fundi aliyekuja mchana asingeona lolote.

Fyuzi mpya huuzwa pamoja na thamostati yake, na vyote viwili hubadilishwa pamoja. Usiweke ya kifaa kingine kwa sababu tu inaingia. Kapasita ilibadilishwa, bomba likanyooshwa na kufupishwa, ekstensheni nyembamba ikaondolewa, maana hita peke yake huvuta karibu ampea 11 na plagi ilishaanza kuwa kahawia.

Malalamiko ya kwamba inakausha polepole yatabaki usiku, na hilo si kosa la mashine. Kwa volti 180 hita ya wati 2,500 inatoa kama 1,530. Kugeuza kilo tatu za maji kuwa mvuke kunahitaji uniti mbili hivi hata pasipo upotevu wowote: kwa umeme kamili dakika kama 50, kwa umeme huo mdogo saa moja na dakika 20. Kukamua vizuri kwenye mashine ya kufulia ni nafuu kuliko wati zozote, na kazi ya kukausha ihamie mchana.

Sharti moja nililitaka kwa mkazo zaidi. Nguo za anayeshika zebaki kwenye uchenjuaji wa dhahabu zisiingie humo kamwe, kwa sababu joto huitoa zebaki kama mvuke, na mashine iko chumba cha pili kutoka wanapolala watoto. Mama alikubali: hizo anazifua peke yake, mbali na nyingine, na kuzianika nje juani.