‘Chombo cha maua’ kisichotiwa maua

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya maelezo ya picha za Jacques-François Saly. Kila palipokuwa na neno la Kifaransa ‘vase’, yeye kaandika ‘chombo cha maua’. Nikamuuliza, “Mwanangu, maua yenyewe yako wapi?” Akacheka. Hayapo.

Saly, mchongaji Mfaransa, alichapisha picha hizo mwaka 1746 akiwa Roma. Bamba la shaba hupakwa nta, msanii akachora kwa sindano hadi shaba ionekane, kisha asidi ikala ile mistari. Wino huingia humo na karatasi nyevu ikagandamizwa juu yake. Hakuna udongo wala tanuri. Mfinyanzi huhofia mkono wa mtungi usije ukakatika. Saly hana hofu hiyo! Mikono ya vyombo vyake yaweza kuwa viumbe wa baharini, nusu mtu nusu samaki, waliojipinda hata hujui chombo kinaishia wapi na kiumbe anaanzia wapi.

Ennemond Alexandre Petitot, msanifu majengo wa mtawala wa Parma, alitoa mfululizo wake mwaka 1764, ukachongwa na Benigno Bossi. Vyombo vyake ni kama majengo madogo: vizito, vimepimwa, havina joto la Saly. Mimi nampenda zaidi mwaka 1771, alipofanya mzaha kwa kuchora watu waliovishwa vipande vya majengo, kuwakejeli waliopagawa na mtindo wa Kigiriki.

Sasa, turudi kwa neno letu. Kiswahili hakina uhaba: mtungi, kuzi, balasi, kasiki, gudulia. Tatizo ni kwamba kila jina limebeba kazi yake. Ukisema Saly alichora magudulia, msomaji ataona kiu. ‘Chombo cha maua’ ndilo baya zaidi, maana linataja matumizi ya kitu ambacho hakikukusudiwa kutumiwa hivyo, tena kiko karatasini tu.

Wapo wenzangu watakaosema ‘vasi’ yatosha. Eti tumekopa mangapi? Sawa, lakini ‘vasi’ halimwonyeshi msomaji kitu. Kuzi lina shingo na mikono, ndizo hasa sehemu ambazo Saly anazichezea. Napendekeza ‘kuzi la pambo’.

Mwanafunzi hajakubali. Ameniahidi kurudi Jumatatu na orodha ya picha zisizo na mikono.