Mjukuu Asiyesikilizwa: Uhakiki wa Methali ya Majuto kwa Kurejelea Maamuzi ya Wakazi wa Mbale

Methali "Majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume" imezoeleka darasani kuwa onyo: asiyefikiri kabla ya kutenda atajuta. Usomaji huo unayafanya majuto kuwa adhabu ya mtu mmoja aliyekosea, hata pale ambapo hakuwa na jambo jema la kuchagua. Aidha, unaitupa sitiari yenyewe. Katika jamii nyingi za pwani na bara, mjukuu si hasimu wa babu. Ni mtani wake, huketi naye na kumwuliza yale ambayo mtoto hathubutu. Huja nyuma, ni kweli, lakini huja kuzungumza.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwishoni mwa mwezi huohuo mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Basi methali hii inamfikia mwanafunzi wa Namakwekwe, mtaa wa mji huo, akiwa na kumbukumbu ya maji. Akifundishwa kwamba anayejuta hakufikiri, atawahukumu vipi wazazi waliojenga bondeni kwa kuwa kiwanja cha huko ndicho walichokimudu?

Mwaka 1982 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionesha kwamba, matokeo mabaya yakiwa sawa, watu hutarajia kumwona aliyetenda akijuta zaidi ya aliyeacha mambo yalivyo. Hoja hiyo inawahusu wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon. Baada ya maporomoko ya Nametsi, Bududa, Machi 2010, baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali na makaburi na migomba yao, wapo waliorudi. Kuwaita wakaidi ni rahisi. Mlima ukiporomoka, ni kudra. Ugenini mambo yakiharibika, aliyehama hujilaumu mwenyewe. Nayo "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", ikitamkwa na ofisa mbele ya mfiwa, hufunga jalada kabla ya shauri kusikilizwa.

Itapingwa kwamba neno "kinyume" haliruhusu majuto kusikilizwa mapema. Pingamizi hilo lina uzito, ila linasahau msemaji. Methali hii kwa kawaida hutamkwa na mkubwa kwa mdogo ambaye bado hajaamua. Majuto ya mmoja huletwa mbele ya uamuzi wa mwingine. Mshauri wa sera anaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kumwuliza kila mwenye kaya kabla ya gari la kuhamisha kufika: ukienda utajutia nini, na ukibaki je? Huenda jibu likawa dogo kuliko inavyodhaniwa: hakika kwamba shamba la mlimani litabaki mali yake, na ruhusa ya kurudi kuvuna kahawa.