Mtoto wa Miaka Miwili Hapangi Foleni

Simba dume amelala juu ya mwamba, mguu mmoja wa mbele unaning'inia. Sisi tuko chini yake kidogo, ndani ya lori la wazi lenye safu za mabenchi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Mpwa wangu, mwenye miaka miwili na miezi minne, amekaa mapajani mwa baba yake. Ananyoosha kidole. "Paka!" anapaza sauti, kisha anamgeukia mama yake.

"Ndiyo, baba, paka mkubwa," mama yake anamjibu. "Huyo anaitwa simba."

Hapo si Serengeti wala Tsavo. Ni Orlando, Florida, ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 na ambayo kwa ukubwa wa eneo inazipita bustani nyingine tatu za Walt Disney World. Mzunguko wa lori unaitwa Kilimanjaro Safaris. Na yule simba hakulala pale kwa bahati. Mwamba wake ni wa kutengenezwa. Umewekewa mfumo wa kuupoza wakati wa joto na kuupasha wakati wa baridi, ili mnyama anayeweza kulala hadi saa ishirini kwa siku aone raha kulala mahali hapo hapo lori linapopita.

Nimeanza na mwamba huo kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali lililonipeleka kule. Mdogo wangu, anayeishi Atlanta na mumewe, aliniuliza kama ni busara kusafiri kama kilomita 700 kwa gari na mtoto ambaye bado anavaa nepi, kwenda mahali palipojaa watu na kelele. Ndugu kadhaa walishamwambia ni kutupa pesa, mtoto hatakumbuka chochote. Nilikuwa kwao mwezi huo wa Februari, nikaenda nao, na kwa siku tatu nilikuwa nikitazama saa zaidi kuliko nilivyotazama michezo.

Kwani kinachoiharibu au kuiokoa siku ya mtoto mdogo ni kungoja. Mtu mzima huvumilia foleni kwa sababu anajua kilichopo mwisho wake. Mtoto wa miaka miwili hana "baadaye". Njaa yake ni ya sasa, jua linamchoma sasa, nepi imelowa sasa. Ukimwambia "bado kidogo" umemwambia neno lisilo na maana. Kwa hiyo bustani inayomfaa ni ile iliyofikiria dakika anazongoja kwa uzito ule ule iliyofikiria dakika anazocheza.

Tulirudie lile lori. Katika mbuga ya kweli unaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kumwona simba, na hiyo ni sehemu ya utamu wake. Kilimanjaro Safaris humaliza mzunguko kwa dakika kama ishirini, na wanyama huvutwa karibu na njia kwa kivuli, maji na chakula. Mahandaki yaliyofichwa yanawatenga simba na wanyama wala majani, kiasi kwamba jicho linaona uwanda mmoja. Barabara yenyewe ni zege iliyotiwa rangi ya udongo. Ilipokuwa bado mbichi walipitisha matairi juu yake na kutupia mawe na vijiti ili ionekane ni njia ya vumbi. Miti mingi inayofanana na migunga ni mialoni ya Kimarekani iliyopunguzwa matawi hadi ikawa na vichwa bapa. Mibuyu ni ya kujengwa, na shemeji yangu, mzaliwa wa Dodoma, aliikana kabla hatujafika kona ya pili.

Nasema bila kusita: kwa umri ule, mzunguko huu unamfaa mtoto kuliko safari ya kweli. Twiga alipita umbali wa hatua chache, kifaru akafuata, na kila mara mtoto alipoanza kujinyonganyonga mapajani, kitu kipya kilitokea. Mbuga halisi ingojee afike miaka sita au saba, aweze kukaa kimya na darubini.

Lori linaanzia katika kijiji cha Harambe, ambacho wabunifu wake walikichora kwa kuitazama Lamu. Kuta zina sura ya plasta ya chokaa iliyobanduka, na maneno ya Kiswahili yameandikwa hapa na pale. Mpwa wangu huongea Kiswahili nyumbani na Kiingereza katika kituo anakolelewa mchana. Mhudumu alipomsalimu "Jambo!" alinyamaza, akamtazama, kisha akampa shikamoo. Mhudumu hakujua la kujibu. Mdogo wangu akamjibia marahaba.

Sasa hesabu ya kimo, ambayo familia nyingi huifanya wakiwa wameshafika mlangoni. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani aliyetimiza miaka miwili ana sentimita 87, msichana 86. Kali River Rapids, mtumbwi wa kwenye maporomoko, unadai sentimita 97. Treni ya kasi ya Expedition Everest na mchezo wa Avatar Flight of Passage vinadai 112. Kwa vipimo vile vile, sentimita 97 ni kimo cha mtoto aliyepita miaka mitatu, na 112 ni cha aliyepita mitano. Ndiyo kusema michezo inayotangazwa zaidi haimhusu mtoto wenu hata kidogo. Asionewe huruma kwa hilo. Tatizo linakuwa kwa wazazi, ambao nao wamelipa na wangependa kupanda.

Kwa ajili yao kuna utaratibu uitwao Rider Switch. Mnamwonyesha mhudumu mtoto asiyefikia kimo, mmoja wenu anabaki naye, wengine wanapanda. Wakirudi, aliyebaki anaingia bila kuanza foleni upya. Mimi na shemeji tulitangulia Everest, mdogo wangu akakaa kivulini akimmenyea mtoto ndizi. Tuliporudi, alinikabidhi mtoto na nusu ya ndizi, akaenda. Utaratibu huu haukuhitaji chuma wala umeme. Ulihitaji mtu mmoja kukubali kwamba mama aliyebaki na mtoto alikuwa tayari yumo kwenye foleni.

Ufundi mkubwa zaidi wa kungoja, hata hivyo, ulifanyika Magic Kingdom, mojawapo ya zile bustani nyingine tatu za Walt Disney World, kwenye mchezo wa tembo Dumbo. Tembo huyu wa filamu ya 1941 anazunguka Disneyland ya California tangu 1955, na Florida tangu 1971. Mchezo ni mfupi, kama dakika moja na nusu: kila gurudumu lina tembo kumi na sita walioshikwa na mikono ya chuma, mtoto anasukuma mpini, tembo anapaa au anashuka. Hauna sharti la kimo, na kwa sababu hiyo kila mwenye mtoto mdogo huja pale. Kwa miaka mingi, kuusubiri kulikuwa ni kusimama tu kwa ajili ya sekunde tisini.

Mwaka 2012, mchezo ulipohamishiwa eneo jipya la Storybook Circus, wabunifu walifanya mambo mawili. La kwanza lingemjia mhandisi yeyote: waliweka gurudumu la pili, linalozunguka kinyume cha lile la kwanza, na idadi ya wanaopanda kwa saa ikawa maradufu. La pili lilihitaji mtu anayewajua watoto. Waliivunja foleni. Familia ilipofika ilipewa kidude cha mkononi na kuingia katika hema kubwa lenye kiyoyozi, ndani yake vitelezeo na vitu vya kukwea. Watoto wakacheza, wazazi wakakaa. Zamu ilipowadia kidude kikatetemeka, wakaenda kupanda tembo.

Nafasi ya familia katika zamu ilikuwa ile ile, hakuna aliyemruka mwenzake. Kilichobadilika ni mwili wa mtoto: badala ya kusimama kati ya miguu ya watu wazima, alikimbia. Mpango huo ulikuwa na kasoro ambayo kila mlezi ataing'amua mara moja, kwamba mtoto aliyenogewa na kitelezeo hataki tena tembo, na kumtoa pale ni kilio. Pamoja na kasoro hiyo, mimi nauhesabu miongoni mwa mawazo bora kabisa yaliyowahi kutumika katika bustani za burudani, na nashangaa haukuigwa kila mahali, hospitali na benki zikiwemo.

Lakini hakuna ubunifu wa bustani unaoweza kuushinda usingizi, na hapa ndipo sisi tulipokosea. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kinashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate saa 11 hadi 14 za usingizi kila siku, pamoja na ule wa mchana. Mpwa wangu hulala saa saba mchana, na nyumbani hakuna kinachomchelewesha. Siku yetu ya pili tulijiambia kwamba tumelipa, basi tubaki tangu asubuhi hadi fataki za usiku. Saa tisa alikuwa amelala chini, kifudifudi, analia bila machozi. Saa mbili usiku fataki zilipolipuka alijificha chini ya mkono wa mama yake akitetemeka, na tukatoka tukimziba masikio kwa viganja. Kosa lilikuwa letu sote watatu. Mtoto alitupa ishara tangu saa saba na tuliiona.

Siku ya tatu tulipanga upya, tukarudi Animal Kingdom. Tuliingia saa mbili asubuhi bustani ilipofunguliwa, tukatoka saa sita, akalala hotelini kwa saa mbili na zaidi, tukarudi saa kumi. Mpango huu unategemea jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka, nalo ni maegesho. Magic Kingdom imejengwa ng'ambo ya ziwa la kuchimbwa: gari linaachwa upande mmoja, kisha unavuka kwa feri au treni ya reli moja. Ukitoka na kurudi mchana, siku nzima inakuwa na safari nne za kuvuka. Animal Kingdom unatembea hadi kwenye gari lako. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua ni bustani gani ya kwenda na mtoto anayelala mchana. Tena Animal Kingdom hairushi fataki kabisa, wala haiuzi baluni, kwa ajili ya usalama wa wanyama. Kinachomlinda swala kikamlinda na mtoto wetu.

Kuna hoteli yenye vyumba vinavyotazama nyanda za wanyama, Animal Kingdom Lodge ya mwaka 2001, yenye majina kama Jambo House na Kidani Village. Ni nzuri mno, na bei yake ilitupita.

Katikati ya bustani yenyewe ya Animal Kingdom kuna nyumba ndogo ya huduma za watoto wachanga, na kila bustani ya Disney pale Florida ina ya kwake. Tuliingia mara tatu. Kuna chumba tulivu cha kunyonyeshea chenye viti vya kubembea, meza safi za kubadilishia nepi, viti virefu vya kulishia na maikrowevu ya kupashia chakula. Mdogo wangu alipasha uji aliokuja nao kutoka hotelini. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na ingawa vyombo vya kioo vinakatazwa, vichupa vya chakula cha mtoto vimeachwa huru. Maji ya baridi ya kunywa hutolewa bure kwenye migahawa inayouza soda za mashine. Nje, kigari cha mtoto kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, sheria iliyopo tangu 2019.

Na kanga. Mdogo wangu alibeba mbili, nazo zilifanya kazi kuliko kitu chochote tulichonunua. Moja ilikuwa mbeleko mtoto alipokikataa kigari, nyingine mkeka wa kulia chakula, kisha kivuli. Tahadhari moja tu: usikifunike kigari chote kwa kitambaa juani, hewa ya ndani hupanda joto haraka. Acha upande mmoja wazi.

Kuhusu pesa, mtoto chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi. Ndege za Marekani humbeba mapajani hadi anapotimiza miwili. Kati ya miwili na mitatu, basi, ndege itadai kiti lakini bustani haitadai kitu, na anayekwenda kwa gari kama sisi hamlipii mtoto popote.

Kwa wanaosema hatakumbuka: huenda ni kweli. Wazazi wake watakumbuka, nami nitakumbuka ile shikamoo.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye viwanja vya watoto Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Mmeleta majumba ya kurukia na treni za umeme, na watoto wanazifurahia. Kabla ya kununua mashine nyingine, jengeni chumba kimoja chenye kivuli, bomba la maji, meza ya kubadilishia nepi na kiti cha mama kunyonyeshea. Gharama yake ni ndogo kuliko ya treni, na familia yenye mtoto wa miaka miwili itakaa kwenu saa mbili zaidi.