Hadithi ya Abu Bakra si Kibali cha Kumwaga Damu

Tarehe 20 Februari, 2007, mjini Gujranwala, Pakistani, mtu mmoja alimpiga risasi na kumuua Bi. Zille Huma Usman, waziri wa ustawi wa jamii wa jimbo la Punjab. Alipokamatwa alidai kuwa Uislamu haumruhusu mwanamke kuongoza, na kwamba yeye ametekeleza tu amri ya Allah (s.w.). Madai ya namna hiyo hayajakoma. Wapo wanaowatisha wanawake wanaoshika uongozi au kutetea haki, huku wakijikinga kwa hadithi moja. Yafaa tuipime hoja yao kielimu.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Ameipokea Imam Bukhari kutoka kwa Abu Bakra (r.a.), kwamba Waajemi walipomtawalisha binti wa Kisra, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao hawatafaulu. Kwa hadithi hii jamhuri ya wanazuoni wamesema mwanamke hawi Imamu mkuu wa dola. Katika nyadhifa za chini yake wamekhitilafiana: Abu Hanifa amejuzisha ukadhi wake katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa, na Ibn Hazm, katika al-Muhalla, amejuzisha ashike hukumu. Hatukusudii hapa kuamua khitilafu hiyo. Tunachosema ni kuwa hata waliokaza zaidi walijadili kusihi au kutosihi kwa uteuzi. Hawakumhalalishia mtu binafsi damu ya mwanamke huyo. Adhabu, inapostahiki, ni ya mamlaka baada ya hukumu ya kadhi.

Tena tutazame mpokezi mwenyewe aliifahamu vipi. Abu Bakra anaeleza kuwa maneno haya yalimnufaisha siku za vita vya Ngamia, mwaka wa 36 Hijria, alipokaribia kujiunga na jeshi la Bibi Aisha (r.a.) ili apigane. Yalimzuia asishike upanga. Hakuyafanya sababu ya kumtisha wala kumdhuru Mama wa Waumini. Na Ali (r.a.), aliyeshinda vita hivyo, alimrejesha Bibi Aisha Madina kwa heshima. Vipi basi hadithi iliyomweka Sahaba mbali na silaha igeuzwe kuwa sababu ya kuishika?

Siku ya Fat-hu Makka, mwaka wa 8 Hijria, Umm Hani binti Abu Talib (r.a.) alimpa mtu himaya, na ndugu yake Ali akataka kumuua mtu huyo. Umm Hani alikwenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.), naye akaithibitisha himaya yake. Neno la mwanamke likasimama mbele ya upanga.

Ama vitisho, Abu Dawud amepokea katazo la Muislamu kumtisha mwenziwe, na sababu yake ilikuwa mzaha tu wa kumshitua mtu aliyelala. Itakuwaje kwa anayetishia kuua? Na mara nyingi vitisho hutanguliwa na tuhuma za uzinifu zisizo na mashahidi wanne. Suratun-Nur, aya ya 4, imeweka viboko 80 kwa msingiziaji, na ushahidi wake haukubaliwi.

Ndugu zetu maimamu, anayeona uongozi wa mwanamke haufai ana haki ya kuieleza rai yake kwa dalili. Lakini anayeisoma hadithi hii mimbarini na aisome pamoja na kisa cha mpokezi wake, asije msikilizaji akatoka msikitini akidhani amepewa ruhusa ya kuua.

Wallahu a'lam.